Barua ya Kujitoa

Jumapili iliyopita tulimwacha wakili wa jiji akiipeperusha karatasi moja mbele ya jaji, na Inshirah Qandil ameng'ang'ania ukingo wa benchi, rangi imemtoka. Karatasi ile ilikuwa na nini?

Wakili aliisoma polepole, neno moja moja, kama mtu anayemung'unya peremende.

"'Mimi, Mhandisi Inshirah Abdelgawad Qandil, niliyekuwa wa kwanza katika mtihani wa wakaguzi wa majengo, najitoa kwa hiari yangu kwa sababu za kifamilia. Sitaidai kazi hii leo wala kesho.' Sahihi hii hapa, Mheshimiwa. Tarehe mbili Mei. Muhuri wa kupokelewa, tarehe hiyo hiyo. Dada huyu analishtaki jiji kwa kazi aliyoikataa kwa mkono wake mwenyewe!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mrudisheni jikoni!" mtu akapayuka kutoka nyuma. "Mboga yake ya mulukhiya inaungua!"

Jaji akagonga meza mara mbili.

Kwa wewe uliyekosa magazeti ya nyuma, habari ni fupi. Watu sitini na watatu walifanya mtihani wa jiji. Inshirah alitoka wa kwanza. Kazi akapewa Hamdi, aliyetoka wa kumi na nne, mtoto wa dada yake Haji Zanati, mkandarasi ambaye nusu ya ghorofa mpya za jiji hili ni zake. Ulikuwa mwaka wa pili tangu lile tetemeko la ardhi, watu bado wanalala huku wamesikiliza kuta, na mkaguzi asiyekubali kufumba jicho angempunguzia Haji ghorofa nyingi. Inshirah akaenda mahakamani kuomba jaji alilazimishe jiji limpe kazi aliyoishinda.

Haji Zanati alikuwa amekaa mstari wa mbele, tasbihi mkononi, viatu amevivua kana kwamba yuko sebuleni kwake.

"Bi Inshirah," jaji alisema. "Barua hii uliiandika wewe?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ndiyo kwanza naiona."

"Mpeni aitazame."

Karani akamletea. Wakili wake, Wafiya Ghattas, mama wa miaka sitini na mitatu mwenye sauti iliyokwaruzwa na sigara, akamwinamia sikioni.

"Sema imeghushiwa. Neno moja tu, binti yangu. Sema."

Inshirah akafungua mdomo. Hapo macho yake yakaiangukia sahihi.

Herufi ya mwisho ya Qandil, ile lam, ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kwenda juu, na nukta mbili za qaf zimeunganishwa kuwa kistari. Mkia ule aliujua. Baba yao alipofariki, yeye akiwa darasa la tatu, kaka yake Wagdi ndiye aliyekuwa akizisaini ripoti zake za shule, muhula baada ya muhula. Kwa jina la ukoo. Kwa mkia ule ule.

Akaufunga mdomo.

"Nisikilize vizuri," jaji alisema. "Ukidai imeghushiwa, barua hii inakwenda kwa mwendesha mashtaka, na aliyeiandika anakwenda gerezani, awe nani awe. Ukikubali ni yako, kesi imekwisha. Imeghushiwa, au haikughushiwa?"

Wafiya akamfinya paja. Inshirah hakusikia hata maumivu.

"Mheshimiwa, naomba muda."

"Muda wa kuikumbuka sahihi yake!" Haji Zanati akasema kwa sauti, na ukumbi ukalipuka tena.

"Jumanne, saa tatu asubuhi," jaji akakata kauli. "Ukija bila jibu, jibu nitalitoa mimi."

Mlangoni Haji alimsubiri, akiwa amevaa viatu sasa.

"Binti, mimi nina mabinti kama wewe. Kaa nyumbani. Jengo halianguki kwa sababu mwanamke hakulitazama."

"Linaanguka kwa sababu mwanamume alilitazama akapokea bahasha."

"Ulimi huo ndio uliokukosesha mume."

"Na mkono wako ndio unaochanganya zege na mchanga wa baharini, Haji. Pisha nipite."

Alipita. Lakini msomaji, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja stesheni ya reli.

Wagdi alikuwa dirisha namba nne, la daraja la tatu, nyuma ya nondo. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye kibanda cha magazeti. Inshirah akaipita yote.

"Foleni, bibie! Foleni!"

"Sikati tiketi," akasema. "Namkata huyu."

Wagdi hakuinua macho. Muhuri wake uliendelea kugonga, ta, ta, ta.

"Kama husafiri, pisha watu."

"Nasafiri. Nakwenda gerezani kukutembelea. Nipe tiketi ya kwenda na kurudi."

Muhuri ukamponyoka, ukabingirika mpaka chini ya kiti.

"Shusha sauti," Wagdi akanong'ona.

"Walikupa nini?"

"Inshirah, watu wanasikia."

"Wasikie. Walikupa nini, Wagdi?"

"Jamani, treni ya Tanta inaondoka!" mwanamke mmoja akalia, bata wawili wakimlia kapuni.

Wagdi akausogeza uso mpaka kwenye nondo. Jasho lilikuwa limemlowesha masharubu.

"Fleti," akasema. "Walinipa fleti. Miaka saba nimemposa Nashwa. Miaka saba! Baba yake kaniambia mwaka huu ukiisha sina nyumba, pete yangu ataitupa barabarani. Haji akaniita. Akasema, sahihi moja, ufunguo mmoja. Hiyo ilikuwa mwezi wa saba, kesi yako imeshafunguliwa, wanahangaika kutafuta karatasi ya kumwonyesha jaji. Ilikuwa imeshapigwa taipu. Mimi nilitia mkono tu."

"Ulitia mkono wangu."

"Mkono huo huo uliokusainia mpaka ukafika chuo kikuu!" Sasa yeye ndiye aliyepaza sauti. "Baba alipokufa, nani aliacha shule akaja kukaa nyuma ya nondo hizi? Mimi! Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ada zako zilitoka kwenye dirisha hili. Vitabu vyako, rula zako, kila kitu. Mimi nikakupa yote hayo. Siku moja tu nikajichukulia kidogo."

Kila alilosema kaka yake lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtia Inshirah hasira zaidi.

"Hukuchukua kidogo, Wagdi. Ulichukua chote."

"Basi nipeleke ndani. Mwambie jaji. Nenda!"

"Mwanangu," mzee mmoja aliyekuwa wa pili kwenye foleni akasema, "mpeleke ndani kesho. Leo mwache atukatie tiketi."

Watu wakacheka. Inshirah akaishika nondo.

"Mama anajua?"

Wagdi akainama kuutafuta muhuri chini ya kiti. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Namba ya kitambulisho chako," sauti yake ikatoka chini, "unadhani ni nani aliyenipa?"

Bi Tafida, mama yao, alikuwa anachambua mchele Inshirah alipoingia. Hakusimama, hakuuliza kesi imekwendaje. Kwa uso wa binti yake alijua kwamba yote yamejulikana.

"Kazi utapata nyingine," akasema, vidole vikiendelea kutafuta mawe. "Kaka yako hatapata Nashwa mwingine."

"Mama, umeniuza."

"Nimegawa. Mama mwenye watoto wawili hugawa. Wewe una shahada, yeye ana dirisha."

"Na watu wanaolala chini ya zege la Haji?"

"Wana mama zao."

Inshirah akaegemea mlango. Hakuwahi kumchukia mama yake hata siku moja maishani, na sasa alishindwa kujua hisia ile mpya aiweke wapi.

"Jumanne nakuja mahakamani," Bi Tafida akaongeza. "Nitakaa mahali utakaponiona. Ukitaka kulitaja jina la mwanangu, ulitaje huku unanitazama."

Asubuhi yake Inshirah alikuwa ofisini kwa wakili Wafiya, chumba kimoja juu ya duka la turshi, mboga za kuloweka, harufu ya siki imepanda mpaka kwenye mafaili.

"Nimeujua mkono," alianza.

"Nyamaza!" Wafiya akainua kiganja. "Usinitajie. Nikishajua siwezi tena kujifanya sijui. Ni mtu wa kwenu?"

Inshirah akageuzia uso dirishani.

"Ni mtu wa kwenu," Wafiya akajijibu. "Hao washenzi wamecheza vizuri. Ukisema ndiyo umekwisha, ukisema hapana umeivunja nyumba yenu. Sasa unatakaje? Uache?"

"Siachi."

"Umfunge?"

"Simfungi."

"Basi wewe unataka muujiza, na mimi nilisomea sheria." Alivuta nakala ya barua, akawasha sigara kwa moto wa ile aliyokuwa anaimaliza. Akaisoma juu mpaka chini. Akaisoma tena. Akaigeuza kalenda ya ukutani, ile ya kanisa yenye picha ya mtakatifu juu ya farasi, akarudi nyuma mpaka Mei.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika meza.

"Jumanne," akasema akipangusa macho, "wewe kaa ufunge mdomo. Usiseme ndiyo wala hapana. Niachie mimi."

Jumanne ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanaume wa Haji Zanati walikuwa wamekuja na makoti yao ya kazi, vumbi la saruji mabegani. Bi Tafida alikaa mstari wa pili, mtandio mweusi, hapepesi jicho.

"Jibu, Bi Inshirah," jaji alisema kabla hata hajakaa sawasawa. "Imeghushiwa?"

Wafiya akasimama.

"Mheshimiwa, kabla mteja wangu hajajibu, naomba aapishwe pamoja na aliyeipokea barua. Kanuni ya jiji inasema mtu hujitoa mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya karani wa ajira. Tusikie jinsi alivyojitoa. Labda tutamaliza mapema."

"Hakuna shida," wakili wa jiji akasema haraka, akitabasamu. "Karani wetu yuko hapa."

Msahafu ukaletwa. Inshirah akaapa. Baada yake akaapa Bwana Mitwalli, karani wa ajira, mtu mnene mwenye leso tatu mifukoni.

"Bwana Mitwalli," Wafiya akamwuliza kwa upole, kama anamwulizia hali ya watoto, "dada huyu alikuja mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa miguu yake."

"Siku iliyoandikwa hapa?"

"Hiyo hiyo. Jumatatu, tarehe mbili Mei."

"Saa ngapi, kama unakumbuka?"

"Saa nne asubuhi. Nakumbuka sana, hata chai nilimwagizia."

"Wewe ni mtu mwema. Na ofisini mlikuwa wangapi?"

"Tulijaa! Siku ya kazi, mama. Makarani wote, watu kwenye korido, simu zinalia."

"Makarani wote." Wafiya akavua miwani. "Mheshimiwa, mimi ni Mkristo. Mwaka huu nilifunga siku hamsini na tano bila nyama wala maziwa, kwa hiyo siku niliyofungua siisahau. Pasaka ilikuwa Jumapili, tarehe moja Mei. Kesho yake, tarehe mbili Mei, ilikuwa Shamm an-Nasim."

Akaiweka miwani mezani.

"Nchi nzima, Mwislamu na Mkristo, ilikuwa bustanini inakula samaki wa chumvi na vitunguu. Hakuna ofisi ya serikali iliyofunguliwa. Bwana Mitwalli, hiyo chai ulimwagizia kutoka wapi?"

Ukumbi ukalipuka. Safari hii hawakumcheka Inshirah. Hata askari wa mlangoni alijifunika mdomo kwa kofia.

Leso ya kwanza ya Mitwalli ikatoka. Ikatoka ya pili. Alimtazama wakili wa jiji, na wakili wa jiji akawa anapanga kalamu zake. Alimtazama Haji Zanati. Tasbihi ya Haji ilikuwa imesimama.

"Umeapa kwa msahafu," jaji akasema taratibu. "Unajua kifungo cha anayedanganya baada ya kiapo?"

Inshirah alihisi kifua kinamfunguka. Muujiza ule! Barua imekufa, na hakuna aliyeuliza imeandikwa na nani. Akamtazama mama yake. Bi Tafida naye alikuwa ameanza kuachia pumzi.

Wote wawili walifurahi mapema.

"Sikuiandika mimi!" Mitwalli akapiga yowe. "Mimi niliambiwa nigonge muhuri wa tarehe ya nyuma tu! Kwa nini nife peke yangu? Muulizeni kaka yake! Kaka yake ndiye aliyeileta, yule wa stesheni, dirisha namba nne! Kaileta kwa mkono wake mwezi wa saba, wino haujakauka!"

Jaji akamgeukia Inshirah.

"Bi Inshirah. Na wewe umeapa. Mkono huu unaujua?"

Wafiya akafumba macho. Hili hakulipangia.

Mama yake alikuwa amesimama. Alisimama tu, mahali alipoahidi kwamba ataonekana.

Inshirah angeweza kusema haujui. Neno dogo. Angewaza ripoti za shule, angewaza kijana wa miaka kumi na sita nyuma ya nondo, na neno lingetoka lenyewe. Aliyawaza yote hayo. Halafu akawaza karani mnene aliyeapa hivi hivi dakika kumi zilizopita, kwa sababu nzuri alizokuwa nazo yeye.

"Naujua, Mheshimiwa."

"Ni wa nani?"

Alisema huku anamtazama mama yake.

"Wa Wagdi Qandil. Kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja."

Bi Tafida akavuta mtandio, akatoka. Mlangoni aligeuka mara moja.

"Umemfunga nduguyo kwa meza na kiti," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya. "Vikalie."

Hukumu ilisomwa saa sita mchana. Kuajiriwa kwa Hamdi kumebatilishwa. Jiji linaamriwa kumwajiri Mhandisi Inshirah Qandil leo hii, na ajira yake ihesabiwe tangu tarehe tisa Mei, siku alipoajiriwa Hamdi, kana kwamba alikuwa kazini siku zote hizo. Barua ipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Askari wawili walikuwa wameshatumwa stesheni.

"'Tangu tarehe tisa Mei,'" Wafiya akarudia kwenye ngazi, sigara inacheza mdomoni kwa furaha. "Hicho kipengele nilikipigania mimi. Miezi minne ya kuhesabiwa kazini, hawatakuibia hata siku moja. Mbona hufurahi?"

"Nitafurahi baadaye."

"Ukingoja, watakupoza. Hukumu ni kama mkate, tuipeleke ikiwa ya moto."

Pale ofisi za jiji walitarajia malumbano. Walitarajia mlango uliofungwa, faili lililopotea, njoo kesho. Badala yake mkurugenzi wa majengo, mtu mrefu mwenye mvi zilizochanwa vizuri, aliwapokea mlangoni, akawavutia viti.

"Hukumu ya mahakama iko juu ya vichwa vyetu," akasema. Akaisoma. Alipofika chini akarudia mstari mmoja kwa sauti. "Kana kwamba alikuwa kazini siku zote hizo. Vizuri sana. Vizuri sana kabisa."

Barua ya ajira ilikuwa imeshapigwa taipu. Wafiya aliiona, na sigara ikasimama njiani kwenda mdomoni.

"Mmejuaje kwamba tutashinda?"

"Tulitumaini haki, mama." Mkurugenzi akamsogezea Inshirah kalamu. "Tia sahihi hapa. Na hapa, kupokea eneo la tatu. Na hapa, daftari la ukaguzi."

Inshirah alisoma kila mstari. Jina lake, daraja lake, tarehe tisa Mei. Kazi ile ile aliyoililia miezi minne. Alitia sahihi mara tatu, na kila mara mkono ulikuwa imara.

"Hamdi yuko wapi?" aliuliza. "Sharti anikabidhi majengo aliyoyapitisha."

"Ameondoka."

"Lini?"

"Asubuhi. Saa nne hivi." Mkurugenzi alikuwa anaitazama simu iliyo mezani. "Hata koti lake kaliacha."

Simu ikalia. Mkurugenzi hakuishika. Aliiacha ilie mara tatu huku anakausha wino wa sahihi ya Inshirah kwa karatasi ya kukaushia, taratibu, kwa uangalifu. Kisha akaiinua.

"Ndiyo, Kanali. Ndiyo, mtaa wa Wafuma Mikeka, habari imetufikia tangu asubuhi, ni msiba. Mkaguzi wa eneo hilo? Tangu Mei? Ninaye hapa mbele yangu. Ni Mhandisi Inshirah Qandil. Ndiyo, Mei yote, Juni yote, mpaka leo. Karatasi zote ninazo, na hukumu ya mahakama juu yake."

Akamnyooshea Inshirah mkono wa simu. Alikuwa anatabasamu.

"Ni yako," akasema.

"Usiishike!" Wafiya aliruka kutoka kitini. "Inshirah, usiishike hiyo simu! Wewe umeanza kazi dakika tano zilizopita! Tunarudi kwa jaji sasa hivi, nitakifuta kile kipengele kwa mikono yangu!"

"Kilipiganiwa na wewe, mama," mkurugenzi akamkumbusha.

Inshirah akaishika.

Kwanza alisikia kelele tu, watu wanaitana majina, mashine inanguruma. Halafu sauti kavu ya kanali wa waokoaji.

"Nani hapo?"

"Imeanguka ghorofa ngapi?" Inshirah aliuliza.

"Nusu ya jengo, upande wa barabara, saa nne asubuhi. Saba juu mpaka chini. Nusu ya nyuma imesimama, ina watu kumi na wawili juu, ngazi imekwenda na upande ulioanguka. Watu wangu wanaogopa kuingia na mimi nawaelewa. Nataka mtu wa kuniambia hii nusu inasimama au inakuja. Na tukimaliza nataka mtu wa kumtia pingu, kwa sababu mkaguzi wa jiji aliipitisha hii nyumba wiki sita zilizopita. Sasa nijibu. Wewe ndiye mkaguzi?"

Wafiya alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Hapana, mdomo wake ulisema bila sauti. Hapana, binti yangu. Hapana.

Mkurugenzi alikuwa ameshafungua saa yake ya mfukoni, kama mtu aliye na miadi ya chakula.

Inshirah akavuta daftari la ukaguzi, akalitia kwapani.

"Ndiye mimi," alisema. "Zima hiyo mashine, mtikisiko unaimaliza nyumba. Watu wako wote warudi nyuma, mbali na nguzo za pembeni. Wa juu waambie walale sakafuni karibu na kuta za choo, wasikimbie huku na huku. Nakuja."

Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikazimika. Sasa alizisikia sauti vizuri, na moja ilikuwa ya mtoto anayehesabu kwa sauti ili asilie.

"Njoo upesi, mhandisi," kanali alisema. "Na kama una wakili, njoo naye."